Kiti cha Naibu: Louisiana, Aprili 1868

Kwenye uchaguzi wowote ule, mimi huanza kumwangalia naibu. Mgombea mkuu hana siri kubwa: picha zake zimebandikwa kila ukuta na ahadi zake zimeshatuchosha masikio. Naibu ndiye anayekuonyesha mapatano yalifanyikia wapi, nani alikuwa anaogopwa na nani alikuwa anabembelezwa asihame. Wakenya, ambao kila baada ya miaka mitano huwaona wagombea ugavana wakisaka naibu wa upande wa pili wa kaunti, hawahitaji kuelezwa zaidi. Ila mfano ninaoupenda kuliko yote uko mbali na kwetu, tena ni wa zamani: jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani, tarehe 17 na 18 Aprili 1868.

Siku hizo mbili watu walipigia kura mambo mawili kwa mpigo. Walikuwa wanaikubali au kuikataa katiba mpya ya jimbo, na papo hapo wanachagua viongozi watakaoitumikia katiba hiyo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha miaka mitatu tu nyuma. Watumwa walikuwa wameachwa huru, lakini mabwana wa zamani walirudi upesi kwenye viti vyao na kutunga sheria za kuwafunga watu weusi kwenye mashamba yale yale ya miwa na pamba. Tarehe 30 Julai 1866 polisi wa New Orleans na wahuni walioandamana nao waliua makumi ya watu, wengi wao weusi, ndani na nje ya jengo la Mechanics' Institute. Kosa lao lilikuwa kukutana kuzungumzia haki ya kupiga kura. Bunge la Washington likaona imetosha. Machi 1867 liliyaweka majimbo ya Kusini chini ya jeshi na kuamuru wapiga kura waandikishwe upya, mweusi kwa mweupe. Louisiana iliandikisha weusi zaidi ya 80,000. Weupe walikuwa karibu 45,000 tu.

Kwa hesabu hiyo, chama cha Republican, kilichowaunga mkono watu walioachwa huru, kilikuwa na uhakika wa kushinda, na weusi walikuwa na uhakika kwamba bila wao hakuna chama. Lililobaki ni nani akae mbele.

Januari 1868 wajumbe wa chama walikutana New Orleans kuteua wagombea. Kwenye ugavana mchuano ulikuwa wa watu wawili. Wa kwanza ni Henry Clay Warmoth, mzungu wa kutoka Illinois, mwanasheria aliyeingia Louisiana na jeshi la Kaskazini. Alikuwa na miaka 25. Kijana wa umri huo kuwania ugavana kungekuwa kichekesho, ila waandishi wa katiba mpya walikuwa wameondoa sharti la umri. Kilichotakiwa ni uraia na kukaa jimboni miaka miwili. Wa pili ni Francis Ernest Dumas, mtu mweusi wa tabaka la wale waliokuwa huru tangu kabla ya vita, msemaji wa Kifaransa, tajiri. Utajiri wake ulikuwa na doa, maana alikuwa amerithi watumwa. Vita vilipofika aliwaandikisha watumwa hao jeshini upande wa Kaskazini, akaenda nao mwenyewe, na akapanda hadi cheo cha meja, cheo ambacho maafisa weusi wa vita vile waliokifikia ni wa kuhesabu kwa vidole.

Duru ya pili ya kura ndiyo iliyoamua: Warmoth 45, Dumas 43.

Kura mbili tu. Watu wawili wangebadili mawazo wakati wa chakula cha mchana, Louisiana ingekuwa na mgombea ugavana mweusi mwaka 1868, kwenye jimbo ambalo weusi ndio wengi daftarini. Wenye chama walijua walichokifanya, na walijua kitawauma. Wakampa Dumas nafasi ya naibu gavana. Akaikataa. Ndipo nafasi hiyo ikamwendea mtu mwingine mweusi, Oscar James Dunn, ambaye alimshinda mzungu mmoja, W. Jasper Blackburn, aliyewahi kuwa meya wa mji wa Minden, kwa kura 54 dhidi ya 27.

Sijui kama kuna neno linalofaa kuliko kilemba cha ukoka. Mkubwa kapatikana, sasa wenzetu hawa tuwape kitu cha kuvaa kichwani wasilie. Ukisoma habari za wakati ule unaona wazi kwamba Warmoth na watu wake walikichukulia kiti cha pili hivyo. Hawakumfahamu vizuri waliyemvika.

Kabla ya kumfikia Dunn, kuna mkasa wa Dumas ambao siwezi kuupita. Kundi lililomwunga mkono liliongozwa na Louis Charles Roudanez, daktari, mmiliki wa New Orleans Tribune, gazeti lililoanza 1864, likiwa la kwanza la kila siku la watu weusi nchini Marekani, likiandika Kifaransa na Kiingereza. Roudanez aliona chama kimetekwa na wageni waliofuata vyeo. Aligoma, akaanzisha orodha yake ya wagombea: kwa ugavana James G. Taliaferro, mzungu mzee wa pale pale Louisiana aliyepinga jimbo kujitenga mwaka 1861. Na kwa unaibu, Dumas. Yaani Dumas, aliyekataa kuwa wa pili chini ya Warmoth, alikubali kuwa wa pili chini ya Taliaferro. Mhariri wa gazeti, Mbelgiji Jean-Charles Houzeau, hakukubaliana na uamuzi huo wa kugawa kura, akaacha kazi. Mbaya zaidi, Wademokrat, wale wale wapinzani wa haki za weusi, hawakuwa na mgombea wao wa ugavana, kwa hiyo wengi wakampigia Taliaferro ili kumkomoa Warmoth. Gazeti la Roudanez likajikuta kitanda kimoja na maadui zake. Aprili hiyo hiyo likafunga.

Mimi namuonea Roudanez huruma, lakini namuona alikosea. Malalamiko yake juu ya Warmoth yalikuja kuthibitika karibu yote. Tatizo ni kwamba ukigawa kura za walio wengi, unawapa nafasi wachache, na wachache wale walikuwa wamebeba bunduki.

Tazama sasa kinyang'anyiro cha unaibu peke yake. Enzi zile serikali haikuchapisha karatasi za kura. Kila upande ulichapisha zake na kuwagawia watu wake. Kwenye karatasi ya Warmoth, jina la pili lilikuwa la mtu mweusi aliyezaliwa mtumwa. Kwenye karatasi ya Taliaferro, jina la pili lilikuwa la mtu mweusi aliyewahi kumiliki watumwa. Mzungu wa Louisiana aliyetaka kupiga kura siku ile, karatasi yoyote aliyoishika kati ya hizo mbili ilikuwa na mtu mweusi kwenye nafasi ya pili. Na mgawanyiko kati ya Dunn na Dumas ulikuwa wa kweli: Kiingereza na Kifaransa, Methodisti na Katoliki, watu wa vitongoji vya juu na wale wa mji wa zamani, waliotoka utumwani juzi na waliokuwa huru vizazi na vizazi. Wale wanaosimulia historia hii kana kwamba watu weusi walikuwa kundi moja lenye wazo moja hawajakaa nayo.

Dunn alizaliwa New Orleans miaka ya 1820. Mama yake, Maria, alikuwa mtumwa, kwa hiyo na yeye alikuwa mtumwa. Baba yake wa kambo, James Dunn, alikuwa seremala aliyekwisha kupata uhuru wake, akifanya kazi kwenye majumba ya maonyesho ya tajiri James Caldwell. Mwaka 1831 James alimnunua Maria na watoto wake wawili, Oscar na Jane, kwa dola 800, na mwaka uliofuata akawaandikisha huru. Maria aliendesha nyumba ya kupanga, na wapangaji wengi walikuwa waigizaji wanaopita. Hapo ndipo kijana alipojifunza kusema mbele za watu, na muziki pia. Baadaye alifundisha gitaa na fidla. Lakini kwanza alipelekwa kujifunza kupiga lipu. Mwaka 1841 tangazo lilitoka gazetini kwamba mwanagenzi Oscar Dunn ametoroka kwa fundi wake. Matangazo ya namna hiyo kwa kawaida yalikuwa ya kuwatafuta watumwa. Huyu alikuwa mtu huru, na bado alitangazwa kama mbuzi aliyekata kamba.

Baadaye alikuwa mkubwa wa Freemason wa matawi ya Prince Hall, yale ya watu weusi, mpaka kufikia cheo cha Grand Master. (Najua wasomaji wangu, naomba msianze na zile hadithi za majoka na kafara. Kwa watu weusi wa New Orleans, hicho kilikuwa chama cha kuzikana, kusaidiana na kujifunza kuendesha mkutano kwa utaratibu, wakati ambapo sheria haikuwapa mahali pengine pa kufanya hivyo.) Mtandao huo ulimfanya ajulikane na watu ambao Roudanez na wenzake wa Kifaransa hawakuwahi kukaa nao meza moja. Vita vilipokwisha alifungua ofisi ya kuwatafutia kazi watu walioachwa huru, akiwaandikia mikataba na wenye mashamba. Ni kazi inayomkutanisha mtu na kila aina ya udanganyifu: mshahara usiolipwa, mkataba uliosomwa kinyume, deni la duka la shambani lisilokwisha. Mwaka 1867 Jenerali Philip Sheridan, aliyekuwa anaitawala Louisiana kijeshi, aliwaondoa madiwani wa New Orleans na kuweka wengine. Dunn alikuwa mmojawapo.

Matokeo ya Aprili: Warmoth 64,941, Taliaferro 38,046. Katiba ikapita. Fundi lipu aliyetoroka akawa mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa naibu gavana wa jimbo lolote la Marekani. Aliapishwa Juni.

Hapa inabidi kuisoma katiba yenyewe, maana utamu wote uko humo. Ilimpa naibu gavana mambo mawili. Kwanza, yeye ndiye anayeongoza vikao vya Seneti. Pili, gavana akifa, akijiuzulu, akishtakiwa bungeni au hata akitoka tu nje ya jimbo, madaraka yote yanamwangukia naibu. Halikuwepo neno linalosema isipokuwa naibu akiwa mweusi. Waliomvika Dunn kilemba cha ukoka walikuwa wamesahau kukisoma kilemba hicho kimeandikwa nini.

Yeye alikisoma. Bunge jipya lilikutana katika jengo lile lile la Mechanics' Institute ambamo damu ilimwagika miaka miwili kabla. Siku za mwanzo kabisa Dunn, akiwa kitini, alidai maseneta wale kiapo kwamba hawakuwahi kuunga mkono uasi wa Kusini. Wademokrat hawakuweza kuapa hivyo bila kusema uongo. Zogo likazuka, mpaka amri ikaja kutoka jeshini, kwa Jenerali Grant mwenyewe, mkuu wa jeshi la Marekani, kwamba kiapo cha katiba mpya ya jimbo kinatosha. Dunn alishindwa siku hiyo, lakini kila aliyekuwa ukumbini alikuwa ameshajua kwamba kiti hakikukaliwa na pambo. Zaidi ya Seneti, aliongoza bodi ya polisi wa Metropolitan wa New Orleans, kikosi cha weusi na weupe pamoja chenye bajeti ya karibu dola milioni moja kwa mwaka. Kwenye serikali ambayo hongo ilikuwa kama hewa, sifa iliyomfuata Dunn mpaka kaburini ni ya mtu asiyenunulika.

Miezi ile ile wenye bunduki walianza kujibu. Mwishoni mwa Septemba 1868, huko Opelousas, parokia ya St. Landry (parokia ndizo wilaya zao), wazungu wenye silaha waliwasaka na kuwaua watu weusi kwa siku kadhaa. Novemba ukaja uchaguzi wa rais. Republican waliokuwa na kura karibu 65,000 mwezi wa Aprili walipata 33,263 jimbo zima. St. Landry haikumpa Grant, mgombea wao wa urais, hata kura moja.

Warmoth alisoma alama za nyakati kwa namna yake. Aliona hawezi kudumu bila wazungu, akaanza kuwabembeleza. Alikataa kusaini muswada wa kuwaadhibu wenye hoteli na wenye vyombo vya usafiri wanaowakataa weusi, wakati katiba iliyomweka madarakani ilisema haki hiyo ipo. Akawapa Wademokrat vyeo. Hapo ndipo naibu na gavana walipoachana. Mwaka 1870 mkutano wa chama ulimchagua Dunn kuwa mwenyekiti, ukamwacha Warmoth kando, gavana aliyeko madarakani. Mwaka uliofuata Dunn aliandika barua kwa Horace Greeley, mhariri mkubwa wa New York, akimshutumu Warmoth kwamba anatafuta heshima rahisi kwa wazungu kwa kuwatoa sadaka watu waliomchagua. Ni barua kali, imeandikwa na mtu ambaye wakati huo hakuwa na haja tena ya kupima maneno.

Kisha mguu wa gavana ukaingia kwenye historia. Mwaka 1871 Warmoth aliumia mguu, akaenda kupumzika pwani ya Mississippi. Mississippi ni jimbo jingine. Kwa hiyo, bila kura, bila vita, bila mtu kuomba, madaraka yalimwendea Dunn mpaka Warmoth aliporudi. Mtu mweusi aliyezaliwa mtumwa akawa anafanya kazi ya gavana wa jimbo la Kusini. Magazeti ya wazungu yalikuwa yamecheka sana mwaka 1868. Kiangazi hicho vicheko vilipungua.

Warmoth alirudi kwa magongo, na kwa magongo hayo alikwenda kwenye mkutano wa chama wa tarehe 9 Agosti 1871. Sijasoma habari ya mkutano wa chama inayoufikia huo. Ulifanyika ndani ya jengo la forodha kwenye mtaa wa Canal, jengo kubwa la mawe ambalo lipo mpaka leo. Forodha ni mali ya serikali ya Washington, na mkuu wake alikuwa James Casey, mwanyumba wa Rais Grant, maana walioa mtu na dada yake. Mkuu wa askari wa mahakama ya Washington pale mjini, Stephen Packard, alikuwa upande wa Dunn pia. Wakaleta wanajeshi, na wakaleta bunduki mbili za rasharasha aina ya Gatling. Gavana wa jimbo akafika na wajumbe wake, akazuiwa mlangoni na serikali ya chama chake mwenyewe. Akapanda mahali, akahutubia, akawaongoza watu wake kwenda Turners' Hall kufanya mkutano wao. Ndani, Dunn aliendelea na ajenda. Wamarekani wanauita hadi leo mkutano wa Gatling.

Mpango uliofuata haukuwa siri: bunge likikutana, Warmoth ashtakiwe na aondolewe. Na akiondolewa, tunajua nani anakaa.

Tarehe 22 Novemba 1871 Dunn alifariki. Aliugua ghafla, akatapika, na ndani ya siku chache akawa amekwisha. Hakuwa amefika miaka 50. Cheti kilisema ubongo ulijaa damu. Mji mzima ulisema arseniki. Uchunguzi wa maiti haukufanyika, na kwa hiyo hakuna anayeweza kuapa. Nimekwishasoma wanaoamini sumu na wanaoikataa, na naona kila upande una ushahidi wa dalili tu. Ninachoweza kusema ni kwamba sijui kifo kingine cha naibu gavana kilichomfaa gavana kiasi kile. Magazeti yaliandika kwamba watu kufikia 50,000 walijipanga mtaa wa Canal kumsindikiza.

Seneti ilibidi ichague mrithi wa kiti. Warmoth alimsukuma P.B.S. Pinchback, seneta mweusi, mtoto wa mwenye shamba mzungu na mwanamke aliyekuwa mtumwa wake, mtumishi wa zamani wa meli za mtoni, mjanja wa siasa ambaye Dunn hakumwamini hata kidogo. Tarehe 6 Desemba akapita kwa kura 18 dhidi ya 16, na habari za hongo zikatapakaa kabla wino haujakauka. Warmoth alidhani amejipatia naibu mtiifu. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 9 Desemba 1872, wawakilishi walimshtaki Warmoth baada ya kuonekana wazi kwamba amehamia kambi ya Wademokrat. Kwa katiba, gavana aliyeshtakiwa anakaa pembeni. Pinchback akawa gavana mpaka tarehe 13 Januari 1873, wiki tano tu, na vitabu vyote vinamtaja kuwa gavana wa kwanza mweusi wa Marekani. Sina ubaya naye. Lakini mlango aliopitia ulifunguliwa na uchaguzi wa 1868, na mtu aliyeufungua alikuwa makaburini.

Uchaguzi wa 1872 ulitoa magavana wawili. Republican walisema ameshinda William Pitt Kellogg na naibu wake Caesar Carpenter Antoine, kinyozi wa zamani na nahodha wa jeshi la weusi, aliyefanya biashara Shreveport. Upande wa pili ulisema ameshinda John McEnery na naibu wake Davidson Penn. Januari 1873 wote wakaapa. Na ni naibu tena aliyewasha moto: Septemba 1874 McEnery alikuwa nje ya jimbo, kwa hiyo Penn, kwa kifungu kile kile cha katiba kilichompa Dunn madaraka, alijitangaza kaimu gavana na kuwaita wazungu washike silaha. Tarehe 14 maelfu ya watu wa White League walipigana na polisi wa Metropolitan mtaani Canal na kuwashinda. Penn alitawala siku tatu, kisha Grant akapeleka jeshi na Kellogg akarudishwa. Waasi hao walijengewa mnara mwaka 1891, ukasimama mpaka Aprili 2017 ulipong'olewa. Dunn alikuwa ametengewa na bunge dola 10,000 za sanamu mwaka 1873. Haikujengwa.

Jirani zao wa Mississippi walijifunza somo hili vizuri kuliko yeyote. Mwaka 1873 jimbo hilo lilimchagua gavana Adelbert Ames na naibu mweusi, Alexander K. Davis. Mwaka 1875 Wademokrat waliliteka bunge kwa vitisho na mauaji, wakataka kumwondoa Ames. Tazama walivyopanga: hawakuanza na gavana. Walianza na naibu. Mapema 1876 walimshtaki Davis kwa hongo, wakamtia hatiani na kumfukuza, na ndipo wakamgeukia Ames, ambaye alijiuzulu Machi. Kiti kikaenda kwa kiongozi wa Seneti, John Stone, mtu wao. Wangeanza na Ames, Davis angekuwa gavana asubuhi yake. South Carolina nayo ilikuwa na manaibu wawili weusi, Alonzo Ransier kisha Richard Gleaves. Ukiwajumlisha na wale watatu wa Louisiana na Davis, wanakuwa sita, na karne yote ya 19 haikumpata wa saba.

Wa mwisho wao Louisiana alikuwa Antoine, na ndiye ninayetamani aandikwe zaidi. Mwaka 1868, kabla ya unaibu, alikuwa mjumbe wa bunge la katiba, lile lililoandika kifungu cha 13 kinachosema kila mtu ana haki sawa kwenye vyombo vya usafiri vya umma. Mwaka 1876 aligombea tena, safari hii chini ya Packard, yule yule wa bunduki za rasharasha. Aprili 1877 jeshi la Washington lililokuwa linalinda ikulu yao liliondolewa, na serikali yao ikafa siku hiyo hiyo. Katiba ya 1879 ikafuta kifungu cha 13. Mwaka 1890 Louisiana ikatunga sheria ya mabehewa tofauti ya treni kwa weusi na weupe, na New Orleans ikaundwa kamati ya wananchi kuipinga mahakamani. Makamu wa rais wa kamati alikuwa Antoine. Kesi waliyoipigania ni ya Homer Plessy, abiria aliyekamatwa kwa kukaa behewa la weupe, ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani iliitupa mwaka 1896. Miaka miwili baadaye jimbo lilipata katiba nyingine, iliyomtaka mpiga kura ajue kusoma au awe na mali, isipokuwa kama baba au babu yake alikuwa mpiga kura kabla ya 1867.

Antoine alifariki mwaka 1921 huko Shreveport. Mwaka wa kesi ya Plessy, Louisiana ilikuwa na watu weusi 130,334 kwenye daftari la wapiga kura. Mwaka 1904 walikuwa 1,342.